SAKAFU YA KARAKANA YA NYUMBANI: TUPAKE NINI ILI IDUMU?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa idara ya mabehewa mbele ya wanachama wa Changamwe, Kisauni na Likoni. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wale waliokuwa zamu siku ile.)



Nimeagizwa na Halmashauri niseme leo juu ya sakafu za karakana zetu za nyumbani, na dawa gani ya kuzipaka ili zidumu. Najua wako wanaojiuliza moyoni: chama cha wafanya kazi na rangi ya sakafu, wapi na wapi? Si afadhali tungesema habari ya mishahara na posho? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kwanza kabla sijaingia katika kazi yenyewe.

Ndugu zangu, wengi wetu tuna kazi mbili. Ukitoka zamu unavua ovaroli ya tajiri na kuvaa yako. Hapa Changamwe yuko anayefungua injini za tuktuk na pikipiki. Likoni yuko seremala wa vitanda na makabati. Kisauni yuko anayechomelea milango na madirisha ya chuma. Na si kwa tamaa. Mwaka 2006, reli ilipokabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways, wafanya kazi wengi wa reli waliachishwa kazi. Na kampuni hiyo nayo ikaondoka mwaka 2017. Tangu hapo kila mtu wa reli mwenye akili ameona heri awe na ufundi wake wa pembeni.

Sasa sikilizeni. Ukiumia kazini, iko Sheria ya fidia ya majeraha ya kazini ya mwaka 2007, inayomlazimisha mwajiri akulipe, na chama kitasimama nawe. Lakini ukiteleza katika karakana yako mwenyewe saa mbili za usiku, mguu juu ya tone la oili na mkono juu ya grinda inayozunguka, nani atakulipa? Pale wewe ndiye tajiri na wewe ndiye kibarua. Hakuna fidia, na kesho huendi kazini. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni fedha. Halmashauri imeletewa shauri kwamba wanachama wakopeshwe kutoka akiba yetu ili wanunue rangi za sakafu za makopo mawili, zile za kung'aa. Ni rangi ghali. Ikiwa zitashika miaka minane, tumefanya vema. Ikiwa zitabanduka kabla ya mkopo kwisha, tutakuwa tunalipa deni la maganda. Nitasema ninayoyajua, kisha ninyi mtaamua.

SAKAFU YENYEWE KWANZA

Sisi tunaopaka mabehewa tunajua jambo moja: rangi haiwi na nguvu kuliko kitu kilicho chini yake. Ukipaka juu ya kutu, utavutiwa na rangi mwezi mmoja, kisha itavuka, na kutu imenenepa chini yake. Sakafu ni vivyo hivyo.

Wazee wa pwani hii walilijua hilo. Sakafu ya nyumba ya mawe ilikuwa ya chokaa na kokoto, ikapigiliwa kwa vipande vya mti siku baada ya siku mpaka ikashikana kabisa. Nguvu yake ilitoka katika kupigiliwa, haikutoka katika kitu cha kupakwa juu. Kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa simiti mwaka 1954, na kazi imekuwa nyepesi, lakini kanuni ni ile ile. Sakafu nzuri ya karakana ni hii: udongo ulioshindiliwa, mawe na kokoto, juu yake nailoni nene ya geji 1000 ya kuzuia unyevu, kisha zege la simiti moja, mchanga mbili na kokoto nne, unene wa sentimita 10. Limwagiwe maji siku saba lisikauke kwa ghafula, na lingojewe siku 28 kabla ya kupakwa dawa yo yote ya kufunga uso.

Lakini wengi wetu sakafu tulizikuta, hatukuzijenga. Basi lazima tuzipime. Na ardhi zetu hazifanani. Changamwe na Mikindani tuko juu ya udongo mzito unaotokana na mwamba laini. Mvua ikinyesha unavimba, jua likiwaka unanywea, na sakafu inapasuka. Likoni na Kisauni kuna mchanga na matumbawe, na maji ya visima mahali pengi hayako mbali, kwa hiyo unyevu hupanda kutoka chini. Na kama fundi alichota mchanga wa ufukoni ili apunguze gharama, sakafu ina chumvi ndani yake. Utaona unga mweupe ukijitokeza juu. Ukiufagia leo, baada ya siku chache umerudi.

Vipimo ni vitano, na vyote ni vya bure au karibu na bure.

Cha kwanza ni nyundo. Piga polepole kila mahali. Panapolia kama debe tupu, niru imeachana na zege. Hapo patobolewe na kujengwa upya. Hakuna rangi itakayoshika pale.

Cha pili ni msumari. Kwaruza kwa nguvu. Ukiona mfuo mweupe mwembamba, sakafu ni ngumu. Ikiwa unachimba unga, ni dhaifu.

Cha tatu ni tone la maji. Mwaga matone machache. Yakinywewa, uso uko wazi. Yakisimama kama juu ya jani la mgomba, pana oili au nta, na dawa nayo itasimama vivyo hivyo.

Cha nne ni nailoni. Kata kipande cha sentimita 45 kwa 45, kibandike pande zote kwa utepe wa gundi pasiingie hewa, ukiache saa 16 au zaidi. Ukikibandua ukakuta jasho chini yake, au sakafu imekuwa nyeusi, unyevu unapanda. Fanya hivyo mahali patatu, na ufanye tena wakati wa masika, kwa maana sakafu iliyo kavu Februari yaweza kuwa imelowa mwezi wa Mei.

Cha tano ni penseli. Penye ufa, tia alama mwisho wa ufa na uandike tarehe. Wazee wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta, nami sibishani nao. Lakini ujue kwanza kama ufa umekwisha kutembea au bado unakwenda. Ufa unaokwenda utaipasua rangi ghali kama unavyoipasua rangi rahisi.

DAWA ZA KUPAKA, MOJA MOJA

Sasa nitazitaja dawa zenyewe, kuanzia mbaya.

Oili chafu ya injini. Wako wanaoimwaga ili vumbi litulie. Vumbi hutulia kweli, lakini sakafu inakuwa ya kuteleza, inakamata moto, na oili iliyotumika ina vitu vya kuleta saratani ya ngozi. Tena, baada ya hapo hakuna dawa nyingine itakayoshika. Tuiache.

Simiti nyekundu iliyopigwa nta. Ni sakafu nzuri ya sebuleni. Wekundu umo ndani ya niru yenyewe, kwa hiyo haubanduki. Ubaya ni nta: pamoja na tone la oili ni kama kutembea juu ya ganda la ndizi. Ukiwa nayo katika karakana, acha kuipiga nta.

Rangi ya mafuta ya kawaida. Ni rahisi, na kila duka linayo. Lakini simiti ina chokaa kali ndani yake, na pamoja na unyevu chokaa ile hugeuza mafuta ya rangi kuwa kitu kama sabuni. Ndiyo maana huvimba na kuvuka. Juu ya sakafu ya kazi haikai. Ile rangi ya raba yenye klorini inavumilia maji na chokaa kuliko hiyo, lakini petroli huilainisha; kwa anayefungua injini haifai.

Sodiamu silikati. Hii ni dawa ya majimaji ya kukazia simiti. Haikai juu kama rangi. Inanywewa, inakutana na chokaa iliyobaki ndani ya zege, na pamoja wanafanya kitu kigumu cha namna ile ile inayoishikanisha simiti. Vumbi linakoma na uso unakuwa mgumu zaidi. Na kwa kuwa haifungi pumzi ya sakafu, unyevu unaotoka chini unapita, hausukumi kitu kubanduka. Bei yake ni ndogo kuliko rangi za makopo mawili. Ubaya wake: haina rangi, haifichi madoa, na oili ikikaa juu yake siku nyingi itaingia, ingawa polepole. Tena haisaidii sakafu iliyokwisha kunywa oili, wala zege bovu lisilo na simiti ya kutosha.

Epoksi. Hii ndiyo ya makopo mawili, moja ni dawa na la pili ni hadina. Ukiyachanganya yanakuwa kitu kigumu kinachoshika simiti kwa nguvu sana. Oili, grisi, petroli na maji ya sabuni haviidhuru, na doa unalifuta kwa kitambaa. Kwa sakafu kavu, safi na iliyokwaruzwa vizuri, sijui dawa nyingine inayofaa zaidi kwa kazi ya injini. Lakini ina adui wanne. Unyevu wa chini huiinua malengelenge. Jua huifanya manjano na ya unga, kwa hiyo haifai mlangoni penye mwanga wa mchana kutwa. Cheche za kuchomelea huiunguza. Na gari lililotoka njiani na matairi ya moto, likisimama juu yake, laweza kuibandua kwa alama za tairi. Basi uweke kipande cha ubao chini ya kila gurudumu.

Poliyurethani. Hii hupakwa juu ya epoksi kuikinga na jua na mikwaruzo. Ni nzuri, lakini ni gharama juu ya gharama, na mvuke wake ni mbaya kwa mapafu. Kwa karakana zetu nyingi haina lazima.

HESABU YA LITA

Nawapeni hesabu moja ya kukinga mfuko. Lita moja ikimwagwa juu ya mita moja ya mraba inafanya unene wa milimita 1. Haiwezekani kuwa zaidi, anayeuza awe nani. Basi muuzaji akikwambia lita moja inafunika mita 20 za mraba, ujue ngozi utakayopata ni milimita 0.05, tena kabla thina haijakauka. Rangi ikiwa nusu yake ni thina, ikikauka inabaki nusu ya hapo. Huo ni unene wa kupaka mlango, si wa kukanyagwa na jeki.

Tuchukue karakana ya mita 3 kwa mita 6. Ni mita 18 za mraba. Epoksi isiyo na thina, mipako miwili, kila mmoja milimita 0.2: ni 18 mara 0.2, yaani lita 3.6, mara mbili ni lita 7.2. Ukiuziwa lita 3 ukaambiwa zinatosha, umeuziwa maneno. Soma kopo: kama kuna thina ndani, lita zinazidi.

NANI ACHAGUE NINI

Fundi wa tuktuk na pikipiki: kama kipimo cha nailoni kimetoka kikavu, epoksi mahali unapofungulia injini, na sodiamu silikati kwingine kote. Si lazima chumba kizima king'ae. Oili hudondoka mahali pale pale kila siku, na wewe wajua ni wapi. Kama nailoni imetoka jasho, usipake epoksi hata ukipewa bure. Tia silikati, na chini ya injini weka sinia la bati.

Fundi wa kuchomelea: asipake epoksi kabisa. Silikati inamtosha. Wala asikatie chuma kwa gesi moja kwa moja juu ya sakafu, maana unyevu ulio ndani ya zege ukipata moto wa ghafula hugeuka mvuke na kurusha vipande usoni. Aweke bati nene juu ya matofali.

Seremala: vumbi la mbao si adui wa sakafu. Silikati inatosha, ili vumbi la simiti lisichanganyike na vanishi yake.

Anayetengeneza betri: maji ya betri hula simiti, na rangi za kawaida pia. Hapo pa betri paweke sinia la plastiki, na magadi yawe karibu ya kuua asidi ikimwagika. Lakini kufungua betri na kuyeyusha risasi nyumbani nakataza kabisa, na hakuna sakafu itakayosaidia. Majirani zetu wa Owino Uhuru pale Mikindani walidhurika na sumu ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Juu. Fedha hazimrudishii mtoto damu yake. Vumbi la risasi haliondoki kwa ufagio.

Mpangaji: ndugu yangu, sakafu si yako. Epoksi huwezi kuikunja uhame nayo. Tafuta mpira mnene, au mbao nzito, uzitandike mahali unaposimama, na siku ya kuhama uchukue. Ukitaka kupaka kitu, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi, na ukubaliane naye gharama zikatwe katika kodi.

KUPAKA KWENYEWE

Majira mema ni ya kaskazi, hasa Januari na Februari, mvua zikiwa chache. Usipake wakati wa masika kwa sababu mkopo umetoka. Fedha zitangoja, unyevu haungoji.

Anza na mafuta. Nyunyiza vumbi la mbao linywe oili, ufagie, na ulitupe mbali na moto. Kisha sugua kwa magadi na maji ya moto, kwa brashi ngumu. Magadi ni yale yale tunayoyajua sisi watu wa reli, ya kutoka Ziwa Magadi, yaliyopitishwa kwa mabehewa miaka mingi kuja bandarini. Osha, rudia, osha tena, mpaka tone la maji linywewe. Oili ikiwa imeingia ndani sana na tone linakataa, usijidanganye. Chimba sehemu ile na uijenge upya.

Kisha ukwaruze. Niru iliyopigwa kwa mwiko wa chuma ni laini mno, na epoksi haipati pa kushika. Tumia grinda yenye kikombe cha almasi, au jiwe la kusagia pamoja na maji, mpaka uso uwe kama msasa. Wako wanaotumia asidi ya kuoshea vyoo. Mimi siipendi katika chumba kilichofungwa: mvuke wake unaumiza kifua, na utashitisha kutu jiliwa, tupa na kila chuma ulicho nacho. Ukiwa huna njia nyingine, mimina asidi katika maji, usimimine maji katika asidi. Vaa glovu na miwani, kisha uiue kwa magadi na kuosha mara nyingi.

Sodiamu silikati ni kazi nyepesi. Soma kopo kama inahitaji maji. Imwage, itandaze kwa ufagio laini, na uiweke ikiwa imelowa kama nusu saa. Inayobaki juu iondoe kwa maji kabla haijakauka, la sivyo utapata ukoko mweupe usiotoka kwa urahisi. Rudia siku ya pili.

Epoksi inahitaji watu wawili. Pima makopo kama yalivyoandikwa. Usiongeze hadina ukidhani itakauka upesi, kwa maana itabaki ya kunata au kuvunjika. Joto letu la Mombasa huiharakisha: dawa inayokaa dakika 40 katika digrii 20 yaweza kukaa kama dakika 20 tu katika digrii 30. Kwa hiyo changanya kidogo kidogo, na ukimaliza kukoroga uimwage sakafuni mara moja, kwani ikirundikana koponi hujipasha moto yenyewe hata ikatoa moshi. Anza alasiri, sakafu ikianza kupoa. Asubuhi hewa yetu ina maji mengi, na makampuni mengi hukataza kupaka unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85. Katika mpako wa kwanza nyunyiza mchanga mkavu uliooshwa na kuchungwa, wa mto wala si wa ufukoni, ili mguu usiteleze. Mpako wa pili uufunike. Mtu asikanyage mpaka kesho yake, na gari lisiingie kabla ya siku saba.

AFYA

Nitasema machache lakini yashikeni. Vumbi la zege linalotoka katika grinda huingia mapafuni na halitoki. Tumia maji, au vaa barakoa ya vumbi jembamba. Kitambaa cha mfukoni hakitoshi. Epoksi mbichi isiguse ngozi. Mtu akishaanza kuwashwa nayo, aghalabu atawashwa maisha yake yote, na huenda ufundi wenyewe ukamshinda. Thina hushika moto: zima jiko, zima sigara, fungua milango. Na watoto wasilale chumba kinachopakana mpaka harufu iishe.

FEDHA

Hesabu hii ni ya mfano, si bei ya duka lo lote. Tuseme rangi ya mafuta ni shilingi 6,000 na inakaa mwaka mmoja. Tuseme epoksi pamoja na kukwaruza ni shilingi 24,000 na inakaa miaka 8. Katika miaka 8 mtu wa rangi ya mafuta ametoa shilingi 48,000, na mtu wa epoksi 24,000, yaani 3,000 kwa mwaka. Hapo wote mtasema, epoksi! Lakini epoksi ile ile ikipakwa juu ya sakafu yenye jasho, ikabanduka katika mwaka wa kwanza, imekuwa shilingi 24,000 kwa mwaka, na bado mkopo unakatwa. Hakuna kati hapo. Kinachoamua ni kipande cha nailoni cha sentimita 45.

SHAURI LANGU

Bwana Mwenyekiti, naomba mkutano ufikiri mambo manne.

Kwanza, mkopo wa sakafu usitolewe kabla sakafu haijapimwa vile vipimo vitano mbele ya wanachama wawili wasio jamaa za mkopaji, na matokeo yaandikwe.

Pili, wanaotaka epoksi wakodi grinda pamoja, siku moja moja kwa zamu, Changamwe, kisha Kisauni, kisha Likoni. Kukodi peke yako ndiko kunakowafanya watu waruke kazi ya kukwaruza.

Tatu, sodiamu silikati inunuliwe kwa jumla na igawanywe kwa bei ile ile. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo dawa, na wengi hawatahitaji mkopo.

Nne, mpangaji asikopeshwe fedha za kupaka nyumba ya mtu pasipo barua ya mwenye nyumba.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mwanachama wa Likoni: Sakafu yangu ina nyufa tatu. Nipake tu juu?

Jibu: Tia alama ya penseli leo. Masika ipite na kaskazi ipite. Zisiposogea, zifungue kwa patasi, zisafishe, zijaze, kisha upake. Zikisogea, tafuta maji ya paa yanamwagika wapi. Mara nyingi mfereji wa bati ndio unaolowesha udongo upande mmoja.

Mwanachama wa Kisauni, mama mwenye cherehani na banda la mume wake: Nitajuaje kwamba muuzaji hanidanganyi?

Jibu: Mwulize mambo matatu, mama. Lita moja inafunika mita ngapi? Ndani yake kuna thina kiasi gani? Yafaa sakafu yenye unyevu? Akijibu "ndiyo" kwa kila kitu, nenda duka jingine.

Mwanachama wa Changamwe: Mimi nimekwisha kununua epoksi, na nailoni imetoa jasho. Nifanye nini?

Jibu: Kopo likiwa halijafunguliwa, lirudishe, au mwuzie mwenzako mwenye sakafu kavu. Leo hii tumejaa hapa. Simama useme una lita ngapi.

Alisimama akasema, na zikapata mtu kabla mkutano haujafungwa. Mashauri manne yatapigiwa kura katika mkutano ujao. Wanachama waje na matokeo ya vipimo vyao.